Namba Iliyo Chini ya Pedeli

Baiskeli yangu iliibwa mbele ya duka la Mangi, mtaani kwetu Mabibo, Dar es Salaam, jioni ya Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Machi mwaka jana, wakati nikisubiri chenji ya noti ya shilingi elfu kumi. Naanza na chenji kwa kuwa ndiyo iliyonichelewesha. Nilikuwa nimenunua mkate, kilo moja ya sukari na kiberiti. Umeme ulikuwa umekatika muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, na Mangi, ambaye huweka noti ndogo ndani ya kopo la maziwa ya unga na sarafu ndani ya jingine, alikuwa akipapasa kaunta nzima huku simu yake ameibana kwa kidevu ili tochi imulike mikono yake. Nilimwambia asihangaike, chenji hiyo nitaifuata kesho. Alikataa katakata, akasema hawezi kulala na fedha ya mtu. Alipomaliza kunihesabia nikatoka nje, na pale nilipokuwa nimeiegemeza baiskeli palikuwa na ukuta peke yake.

Naomba ieleweke kwamba nilikuwa nimeifunga. Ilikuwa baiskeli ya mtumba kutoka Japani, na wanaozifahamu baiskeli hizo wanajua kwamba nyingi huja na kufuli ya duara iliyokazwa kwenye fremu, juu ya gurudumu la nyuma: unasukuma kidude, chuma kinapita katikati ya spoki, gurudumu halizunguki tena, nawe unachomoa ufunguo mdogo na kuutia mfukoni. Kufuli ya namna hiyo humzuia mtu kuipanda baiskeli na kuondoka nayo, lakini haimzuii kuinyanyua. Kwa miaka sita niliifunga hivyo hivyo, bila kuiunganisha na nguzo, mti wala nondo ya dirisha, na kwa miaka sita nilijihesabu kuwa mtu mwangalifu.

Shahidi pekee alikuwa mtoto wa jirani, wa umri wa miaka tisa hivi, aliyekuwa ameketi kwenye msingi wa duka akimung'unya ubuyu. Aliniamkia kwanza, kama alivyofunzwa.

"Shikamoo baba. Baiskeli yako wameshaipeleka kwa fundi."

Nikamuuliza ni fundi gani, na ni akina nani walioipeleka. Alieleza kwa utulivu kabisa kwamba ilikuja pikipiki yenye watu wawili waliovaa kofia ngumu, yule wa nyuma akashuka, akajaribu kuikokota baiskeli ikagoma, akaibeba begani, akapanda tena, wakaondoka kuelekea barabara kubwa. Mtoto hakuona ajabu yoyote, wala simlaumu. Katika jiji hili baiskeli iliyobebwa kwenye bodaboda ni baiskeli mbovu inayokwenda kwa fundi, na mtu mzima yeyote angeamini vivyo hivyo, hasa akiona gurudumu limekwama. Kufuli niliyoifunga kwa mkono wangu ndiyo iliyompatia mwizi maelezo yake.

Niliinunua kwa shilingi 180,000 kwa muuzaji mmoja wa mitumba, ikiwa ya kijani kilichopauka, fremu yake imeinama kama zile ziitwazo za kike, ina gia tatu zilizofichwa katikati ya gurudumu la nyuma, kikapu cha waya mbele na keria pana nyuma. Wenzangu kazini waliicheka kwa wiki nzima, wakaniambia nimenunua baiskeli ya mama muuza mchicha, kisha wakazoea. Kwenye chuma kinachoshika kiti palikuwa na kibandiko cha manjano chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu kadhaa. Mwenzetu mmoja aliyewahi kusoma Japani alinisomea siku moja wakati wa chai: ni usajili wa kuzuia uhalifu. Alinieleza kwamba kule, tangu mwaka 1994, sheria inamtaka kila mwenye baiskeli kuisajili, na askari akimsimamisha mpandaji njiani anaweza kuiulizia namba ile akaambiwa mwenyewe ni nani. Tulicheka sana. Baiskeli ilikuwa imevuka bahari na ulinzi wake mwilini, ikafika mahali ambapo ulinzi huo ni pambo.

Kazi yangu ni kusahihisha maandiko katika kiwanda kimoja cha uchapaji karibu na Mnazi Mmoja. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilitoka Mabibo nikaingia Barabara ya Morogoro pale Urafiki, nikaifuata njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na barabara ya mwendokasi, ambayo mabasi yake yalianza kazi mwaka 2016. Njia yenyewe ni ya baiskeli kwa jina zaidi kuliko kwa matumizi. Manzese hugeuka gulio, mbele kidogo hugeuka kijiwe cha bodaboda, na hapa na pale utakuta gari limeegeshwa juu yake kana kwamba mistari ile ilichorwa kwa ajili yake. Hata hivyo nilikuwa nimeijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Nilijua mahali pa kushuka na kuikokota, mahali ambapo mfuniko wa mtaro umekosekana, na mama gani wa vitumbua atamwaga maji ya kuoshea vyombo bila kutazama kulia wala kushoto.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ile baada ya Magomeni Mapipa, barabara inapoanza kuteremka kuingia bonde la Jangwani. Pale unaacha kukanyaga, cheni inanyamaza, gurudumu la nyuma linabaki linalia tiki tiki tiki peke yake, na upepo wa Mto Msimbazi, ambao si kila siku una harufu njema, unakupiga kifuani mpaka shati linajaa kama tanga. Kisha unaulipia mteremko huo kwa kuupanda upande wa pili hadi Faya. Safari nzima ilikuwa kama kilomita saba au nane, na katika siku yangu yote ndizo zilikuwa dakika pekee ambazo hakuna mtu aliyeniuliza kitu.

Usiku ule wa wizi, kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika. Nilipokata kona nikawakuta vijana wa kijiwe wamewasha pikipiki tatu, wananingoja mimi tu nitoe neno. Mmoja wao alikuwa na jina tayari. Kuna kijana teja anayelala nyuma ya banda la mkaa karibu na mfereji. Alionekana akipita alasiri mbele ya duka la Mangi, na kwa mujibu wa kijana yule mwenye jina, kupita huko kulitosha. "Tumbebe huyo, mzee, atasema tu," aliniambia. Sikuwa na haja ya kuuliza atasemaje. Sote tumesoma magazetini ile sentensi inayomaliza habari za watu wa namna hiyo, kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali, sentensi ambayo kwa miaka mingi nimeisahihisha nukta na mkato bila kuigusa kwa namna nyingine.

Lazima nikiri kwamba kwa muda wa kama dakika moja nilijisikia vizuri. Umeibiwa, uko gizani na mkate mkononi, halafu unaona taa tatu za pikipiki zinakungojea wewe. Hilo ni jambo tamu, na utamu wake ndio ulionitisha. Mtoto alikuwa amesema watu wawili, wenye kofia ngumu, wenye pikipiki. Yule kijana wa banda la mkaa hana hata viatu. Niliwaambia kwamba nimeshapiga simu polisi na nimeagizwa asiguswe mtu hadi kesho, jambo ambalo halikuwa kweli, kwa kuwa simu yangu ilikuwa mfukoni na haikuwa imempigia mtu yeyote. Walinitazama kama mtu asiyejua thamani ya mali yake, wakazima pikipiki moja baada ya nyingine.

Nyumbani, mke wangu aliupokea mkate, akasikiliza, akasema tule kwanza. Binti yangu, aliyekuwa darasa la nne wakati huo, aliuliza swali moja tu: kama mwizi anajua kwamba breki ya mbele lazima uikamate mara mbili ndipo ishike. Sikuwa nimeifikiria hatari hiyo. Nilipolala niliifikiria sana.

Kesho yake asubuhi nikaenda kituo cha polisi. Askari wa kaunta alikuwa mtu wa heshima, alifungua kitabu chake na kuniuliza maswali kwa utaratibu: aina ya baiskeli, rangi yake, namba ya fremu, risiti ya manunuzi. Nilijibu la kwanza na la pili. Kuhusu la tatu, alinieleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kueleza hivyo kwa wengi, kwamba karibu kila baiskeli ina namba iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini kabisa, pale unapopita mhimili wa pedeli, na kwamba bila namba hiyo baiskeli ya kijani ni baiskeli ya kijani tu. Kwa miaka sita niliiosha baiskeli yangu karibu kila Jumapili, nikaipangusa madigadi, nikaitia cheni mafuta, lakini hata siku moja sikuipindua miguu juu nikaitazama tumboni. Mtu ambaye riziki yake ni kuona herufi iliyokosekana katika ukurasa wa maneno mia nne hakuwahi kusoma mstari mmoja ulioandikwa kwenye mali yake.

Nilimwonyesha picha pekee ya baiskeli niliyokuwa nayo kwenye simu. Ilipigwa siku binti yangu alipoanza darasa la kwanza. Amekaa kwenye keria na sare mpya inayompwaya, anacheka, mguu wake wa kushoto ameukanyagia juu ya kile kibandiko cha manjano hasa, umekifunika chote. Askari aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akanirudishia simu. "Mtoto mzuri," alisema. Akaniandikia RB, yaani namba ya taarifa yangu katika kitabu chao, kwenye kipande cha karatasi. Nikatoka na namba hiyo, namba pekee niliyowahi kuwa nayo kuhusu baiskeli ile, na ilikuwa namba ya kupotea kwake.

Kisha zikaja pole. Kwetu aliyepatwa hupewa pole, naye hutakiwa kujibu kwamba ameshapoa, na wiki ile nadhani nilijibu hivyo mara hamsini. Kwa kazi yangu silali bila kuona kwamba kiambishi kile cha katikati, -sha-, husema jambo limekwisha kutimia, halina nyongeza. Nami nilikitumia mlangoni, kazini, msibani kwa mtu mwingine na hata kwenye simu na shangazi wa Tanga, hali sikuwa nimepoa hata kidogo. Baada ya siku kadhaa nikaanza kuona hekima ya jibu hilo, au labda niseme matumizi yake. Anayekupa pole hana njia ya kukurudishia baiskeli, nawe ukimwambia bado unaungua utakuwa umemtwika mzigo asioweza kuutua. Ukisema umeshapoa, anapata ruhusa ya kukaa na kuzungumzia bei ya mchele.

Zilikuwapo pole za aina nyingi. Mama mwenye nyumba alisema imeondoka na balaa langu, kwamba huenda siku moja lori lingenikuta nayo barabarani, kwa hiyo nihesabu ni kafara. Wengine walinipa pole iliyobeba swali tumboni: "Kwani hukuifunga?" Hao walikuwa wengi, na kila nilipoanza kueleza habari ya kufuli ya duara nilijiona ninavyozidi kuonekana mjinga. Jirani mmoja mtu mzima, ambaye namheshimu, alinivuta pembeni baada ya sala ya Ijumaa, akashauri tusome halbadiri; alinihakikishia kwamba aliyeiba ataileta mwenyewe usiku, amevimba tumbo, akiomba radhi. Nilimshukuru, nikamwambia nitafikiri. Sikuwa na hakika kama naamini. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba sikutaka kuambiwa, baada ya mwezi, kwamba kuna kijana mtaa wa tatu amevimba, halafu nikae nijiulize kama ni shilingi 180,000 zangu zilizomfanya hivyo. Nilimwambia baadaye kwamba nimemwachia Mungu. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari anayemwona mgonjwa akikataa sindano.

Kazini nikaanza kwenda kwa mwendokasi. Asubuhi basi hujaa kiasi kwamba huhitaji kushika bomba, kwa maana huna pa kuangukia, na mimi nilijitahidi kila siku kusimama upande wa kushoto, karibu na dirisha, ili niione njia ya baiskeli. Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa ambao hakuna aliyenitahadharisha nao. Nikawa natafuta. Kila rangi ya kijani iliyopita ilinigeuza shingo. Niliwatazama wauza samaki wanaotoka Feri na masanduku yao ya mbao yanayochuruzika maji, wauza mikate, wanoa visu ambao baiskeli ikisimama hugeuka kuwa kinu cha cheche, wabeba kuku kwenye matenga, na vijana wa madafu wanaosukuma mlima mzima wa nazi mbichi juu ya magurudumu mawili; watu ambao kwa miaka sita nilipishana nao na kuinuliana kidole kwenye usukani kama wanachama wa chama kimoja. Sasa nikawa mpelelezi wao. Sikuwatazama usoni tena. Niliwatazama keria, madigadi na viti.

Masika ilinipa likizo fupi. Mvua kubwa zilipokuja, Jangwani ikafurika kama kawaida yake, barabara ikafungwa, mabasi yakasimama, na jiji zima likabaki limegawanyika pande mbili likitazamana juu ya maji ya rangi ya chai. Siku hizo hata baiskeli isingenisaidia. Kwa hiyo siku mbili hizo, na hizo tu, nilipoa kwelikweli.

Mwezi wa Mei, Jumamosi moja mchana, nilimwona kijana wa madafu nje ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Chini ya mzigo wake niliona fremu iliyoinama kama ile yangu, imepakwa rangi ya buluu kwa brashi, tena kwa haraka, na mahali ilipochunika kulionekana kijani. Moyo ulinienda mbio. Nilipita mara ya kwanza, nikarudi, nikapita tena, na mara ya tatu nikachuchumaa karibu na gurudumu la mbele kama mtu anayefunga kamba za viatu, ingawa siku hiyo nilikuwa nimevaa makubazi.

"Mzee wangu, umedondosha nini?" aliniuliza kutoka juu. Panga lilikuwa mkononi mwake, kama ilivyo kazi yake.

Sikupata uongo wa kusema, hivyo nikasema kweli: kwamba niliibiwa baiskeli inayofanana na hii mwezi wa tatu, na nilitaka kuona namba. Hakukasirika, au kama alikasirika hasira yote iliishia kwenye dafu aliloliondoa kichwa kwa pigo moja. Alisema nitazame. Halafu, kabla sijainama vizuri, akaanza kuitaja namba ya baiskeli yake kwa kichwa, tarakimu moja moja, polepole, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Nilipangusa tope kwa dole gumba, nami nikawa namfuatisha. Zote zilikuwa sawasawa.

"Na ya kwako?" akauliza.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimechuchumaa juani, mbele ya watu, nikilikagua tumbo la baiskeli ya mtu, bila kuwa na namba yoyote ya kulinganisha nayo. Hata kama ingekuwa yangu nisingejua. Nilimjibu kwamba yangu siijui. Hakucheka. Alinipa lile dafu, akanieleza kwamba yeye ameibiwa mbili, ya kwanza ikiwa na madafu yake. "Hao walikunywa huku wanakwenda," alisema. Hii ya tatu aliinunua kwa mkopo wa wenzake, na namba aliikariri siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuipaka rangi. Kisha akasema jambo jingine kwa sauti ile ile anayotajia bei: "Mimi hii wakiiba leo, kesho watoto hawali. Wewe wakiiba unapanda mwendokasi."

Nilikunywa, nikampa noti, nikaondoka haraka. Alinifukuzia hadi karibu na kituo, panga bado mkononi, watu wakitupisha njia, ili kunipa chenji yangu.

Nilimsimulia kisa hicho fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu, mzee anayefanyia kazi chini ya mkungu, ambaye kwa miaka yote ile ndiye aliyekuwa akiziba pancha zangu. Alikuwa ameizamisha tyubu ya mtu kwenye karai la maji, anafuatilia mapovu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniachia nimalize. Halafu akaniuliza kwa nini natafuta baiskeli nzima. Alinifahamisha, bila kuinua macho kutoka kwenye karai, kwamba baiskeli ya wizi mara nyingi haiuzwi nzima, labda aliyeiiba awe mgeni wa kazi. Usiku ule ule hufunguliwa. Gurudumu la nyuma lenye gia lina mnunuzi wake, la mbele lina wake, kikapu kitakuwa kinabebea nyanya mahali, kiti kimekaliwa na mtu ambaye hajui hili wala lile, na fremu ama inapigwa msasa na kupakwa rangi ama inakwenda kupimwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. "Baiskeli yako ipo," alisema, "lakini haipo mahali pamoja." Alipopata tundu aliikausha tyubu, akaikwangua kwa msasa, akapaka solusheni, na wakati anaipuliza ikauke akaongeza kwamba yumkini hata kijana wa madafu ana pedeli yangu moja, na hajui, na hana kosa.

Sijui kwa nini maneno hayo yalinifaa kuliko pole hamsini. Huenda ni kwa sababu nilikuwa nikimtafuta mtu mmoja juu ya kitu kimoja, na fundi akanionyesha kwamba kitu hicho hakipo tena cha kutafutwa. Kilikuwa kimesambaa jijini, kimeingia kwenye riziki za watu wengi, wengi wao bila hatia. Jumatatu iliyofuata nilisimama upande wa kulia wa basi.

Septemba nikanunua nyingine. Nayo ni ya Japani, nyekundu iliyoiva, na muuzaji alitaka shilingi 230,000. Nilimdai risiti yenye jina lake, sahihi yake na namba ya fremu. Alidhani natania. Nikamwambia kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu cha 311 kinachomhusu mtu anayepokea mali ya wizi akijua ni ya wizi, na kwamba mimi sitaki kuipanda baiskeli ambayo kuna mtu anaitafuta kutoka dirishani mwa basi.

"Mzee wewe ni wakili?"

"Hapana. Msahihishaji."

Aliiandika risiti, akakosea herufi mbili, nikazirekebisha. Nikanunua na mnyororo mnene wenye kufuli yake, mzito kiasi kwamba kikapu kinalalamika. Ile kufuli ya duara ipo pia. Ufunguo wake unafanana na ule wa zamani, ambao bado uko kwenye kishikizo changu, na asubuhi nyingi nauchukua usio wenyewe.

Kabla ya safari ya kwanza niliipeleka chini ya mkungu. Fundi aliipindua, ikasimama kwa kiti na usukani, akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa na kusugua pale unapopita mhimili wa pedeli hadi tarakimu zikaanza kujitokeza. Nilizisoma mara mbili, kama kawaida ya kazi yangu, mara moja kwenda mbele na mara moja kurudi nyuma. Nyumbani nikaziandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa mlango wa kabati la vyombo, mahali ambapo hazitapotea pamoja na simu.

Jioni mke wangu alilifungua kabati kutoa sahani, akasimama.

"Namba ya nani hii isiyoanza na sifuri?"

Nikamwambia ni ya baiskeli. Alifikiri kidogo, sahani mkononi, kisha akauliza kama nimeandika na ya friji.

Sikuwa nimeiandika.